Siku Sita za Uji

Nilikuwa nimefika daftari la kumi na saba, rula yangu ikiwa kwenye mstari wa futari ya siku ya tisa, niliposimama.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila msichana ana daftari, na kila ukurasa ni siku moja: amekula saa ngapi, amekula nini, amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi. Pembeni kuna karatasi iliyotolewa kwenye saa ya mpira anayovaa mkononi. Saa hiyo inahesabu hatua zake mchana, na usiku inajua kama amelala au anajigeuzageuza. Mimi nashusha rula mstari kwa mstari, naoanisha daftari na saa, kisha naingiza kwenye kompyuta. Nisipoelewa kitu, naweka alama ya penseli.

Daftari la kumi na saba halikuwa na alama hata moja.

Utafiti ulikuwa wa wasichana arobaini, wenye miaka kumi na minane hadi ishirini na minne, wa Kibaha na Kisarawe. Wakubwa walitaka kujua kama saa ya kula inaharibu usingizi, na kama aliyelala vibaya hutembea kidogo kesho yake. Walichagua Ramadhani makusudi, kwa sababu ndio mwezi ambao saa za kula zinahama zote kwa pamoja. Ishirini na watatu kati ya wale arobaini walikuwa Waislamu. Kwa hao, nilichokiona hakikuhitaji kompyuta. Wengi walikula chakula kizito saa nne usiku, baada ya tarawehe. Walilala saa sita, vyombo vikishaoshwa, na saa tisa na nusu walikuwa jikoni tena kupasha daku. Kaka zao, waliokuwa nyumba hizohizo, waliamshwa sahani ikiwa tayari. Mchana hatua za wasichana zilishuka hadi nusu. Hakukuwa na safu ya kuandika ni nani aliyepika.

Katika madaftari hayo ishirini na matatu, ishirini na mawili yalikuwa na siku tano, sita au saba mfululizo ambazo mwenye daftari alikula mchana. Hakuna aliyeandika sababu, na mimi sikuuliza. Mimi ni Mkristo wa Bukoba, lakini nimekaa Maili Moja miaka kumi na tisa, na ni mwanamke.

Daftari la kumi na saba halikuwa na siku hizo. Mwezi ulikuwa wa siku ishirini na tisa, na siku zote ishirini na tisa zilikuwa za kufunga.

Bwana Didas, msimamizi wetu, alilichukua akalipitisha kurasa kwa dole gumba kama mtu anayehesabu karata.

"Hili limepikwa," akasema. "Kajaza siku moja, akairudia hadi Idd. Mama Adventina, ukiona daftari safi hivi, ujue mtu kakaa kitandani siku moja na kalamu."

"Saa za futari hazijirudii, bwana," nikamwambia. "Zinarudi nyuma dakika moja moja, kama jua lenyewe."

"Basi ni mpishi mzuri. Kahakiki. Ikishindikana tunamtoa."

Sikutaka atolewe. Namba kumi na saba alikuwa Zuwena wa Kisarawe, miaka ishirini na mmoja, na kati ya wote arobaini ndiye pekee aliyeniuliza saa ile inajuaje kama mtu amelala. Nilimweleza kadiri nilivyojua, maana na mimi nilijifunza kwa kusoma mwenyewe. Alikuwa akiishi na shangazi yake, Bi Hajira, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Tarehe kumi na nne Aprili alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi upande huu wa Kibaha. Mlipaji alikuwa baba yake mdogo, Hashiru, mwenye duka la vipuri Kwa Mathias, na aliweka sharti moja, tena mbele ya ukoo mzima. Alikwisha kumsomesha dada mkubwa wa Zuwena, naye dada huyo akarudi nyumbani muhula wa pili akiwa na mimba. Mara ya pili hakubali. Zuwena mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku nilipomfunga saa mkononi.

"Dada Adventina," alisema akicheka, "mimi mwaka huu hata kutapika kwa malaria naogopa. Nikikohoa tu, baba mdogo anauliza umekohoaje."

Kwa hiyo nililitazama daftari lake tena, polepole. Ninajua mnavyofikiri, maana sasa na mimi nafikiri hivyohivyo. Lakini sina haraka ya kumhukumu mtu. Kuna wanawake wanaoruka mwezi. Mimi niliruka miezi minne mwaka niliohamia Pwani, kwa mawazo tu. Na kuna wasichana wanaoona haya kuandika siku hizo, hata kwenye daftari lenye namba badala ya jina. Nilikuwa na maelezo matatu mazuri, nikataka moja lithibitike. Nilimpigia simu, haikupatikana. Mwongozo wetu unasema mhusika asipopatikana, aulizwe mtu anayekula naye chungu kimoja, na aulizwe bila kuonyeshwa daftari. Nilikuwa naujua mstari huo kwa kichwa.

Tarehe mbili Aprili nilipita Kiluvya kwa bodaboda, nikafika Kisarawe kabla ya adhuhuri. Bi Hajira alikuwa barazani anapeta mchele.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bi Hajira."

"Marahaba. Karibu, mwenye saa. Mtu wako hayupo, kaenda kupiga picha za paspoti. Chuo kinataka sita. Picha sita, mtu mmoja! Sijui wanazila."

Nikacheka. Akanisogezea kigoda. Akaniambia begi la Zuwena amelifunga mara mbili na kulifungua mara mbili, na kwamba ameshaambiwa asichukue sufuria jipya lakini analizunguka tu.

"Nina swali dogo la kuhakiki," nikasema. "Mwezi huu, Zuwena alifunga siku zote?"

"Siku zote?" Akasimamisha ungo. "Msichana gani anafunga siku zote? Labda mimi niliyekwisha zeeka. Alikula siku sita, kama wenzake. Tena nilimpikia uji wa mtama kwa mkono wangu, maana tumbo humsumbua. Nikimwachia jikoni, mimi naenda zangu shamba."

Nilipaswa kuandika jibu hilo, kushukuru na kuondoka. Ndivyo mwongozo unavyosema. Lakini nina ugonjwa mmoja, siwezi kuacha namba mbili zinazogombana. Mkono ukaingia kwenye mkoba kabla sijaufikiria.

"Una uhakika, bibi? Maana hapa kaandika vingine."

"Kaandikaje?"

"Kwamba alifunga."

"Nisomee."

Nikamsomea. Siku ya tisa: daku saa kumi kasorobo, muhogo na chai. Mchana hakuna. Futari saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Siku ya kumi, mchana hakuna. Siku ya kumi na moja, mchana hakuna. Nilisoma kwa sauti ya chini na kwa utaratibu, kama ninavyosoma kila kitu, na nilikuwa nimefika siku ya kumi na tatu nilipoona mikono ya Bi Hajira imelala juu ya mchele.

"Kaandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Na saa yako inasemaje?"

"Saa haijui chakula, bibi. Inaonyesha tu kwamba mchana alikuwa akilala kwa muda wa saa tatu hadi nne. Hatua zilikuwa chache kuliko za wote."

"Aliniambia uji unamlewesha," akasema Bi Hajira. Alisema taratibu, akitazama banda la kuku.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliziona siku sita, uji usionywewa na usingizi wa mchana, zote katika safu moja, na jibu lake likawa moja. Nililifunga daftari. Nilianza kusema kwamba mara nyingi wasichana hukosea kujaza, kwamba nitarudi siku nyingine, na nikiwa katikati ya maneno hayo Zuwena akaingia uani na bahasha ya kaki mkononi.

"Dada Adventina! Umekuja kunivua pingu?"

Akaona daftari mapajani mwangu. Kicheko kikakatika.

"Zuwena," shangazi yake akasema, "uji wangu ulikwenda wapi?"

"Uji upi, shangazi?"

"Wa siku sita."

"Si nilikunywa?"

"Na daftari?"

Zuwena alinitazama mimi, si yeye. Kisha akanyoosha shingo, akasema kwa sauti nyepesi kabisa, "Aa, hilo daftari! Hilo nilijaza hovyo. Nilijaza siku ya kwanza, zilizobaki nikanakili tu. Uvivu. Dada, nisamehe. Andika kwamba namba kumi na saba ni mwongo, nitoeni kwenye utafiti."

Lilikuwa jibu zuri. Alikuwa amelipata kati ya mlango wa ua na baraza, hatua nane au tisa. Nilichotakiwa kufanya ni kukunja uso, kumkemea na kuondoka. Lakini nilichokitetea mbele ya Didas asubuhi ile kilikuwa ni kazi yake, unadhifu wake, na maneno yale yalikuwa bado mdomoni, yakatoka yenyewe.

"Hukunakili, mdogo wangu," nikasema. "Dakika zako zinarudi nyuma na jua."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na jiwe la kufulia. Bi Hajira akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga.

"Basi apa," akasema. "Sema wallahi nilikunywa uji ule, na mimi nakuamini wewe, naacha hilo daftari."

Zuwena alifungua mdomo. Nilimwombea aseme. Mimi ambaye kazi yangu ni kutafuta ukweli wa watu, niliomba kwa Mungu wangu msichana yule ale kiapo cha uongo kwa Mungu huyohuyo. Akaufunga mdomo.

"Niliwapa kuku," akasema.

"Una miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Ya nani?"

"Ya Latifu. Fundi bomba. Yuko Lindi kwenye mradi, anasema atakuja."

"Wanasema hivyo," akasema Bi Hajira. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na simu, akaishika mbali na macho yake akitafuta jina la Hashiru. Zuwena akampigia magoti.

"Shangazi, siku kumi na mbili tu. Nimeuliza mpaka chuoni. Ukishasajiliwa, unaruhusiwa kuahirisha mwaka, unajifungua, unarudi darasani. Usiposajiliwa, huna cha kuahirisha. Nisajiliwe tu, shangazi. Baada ya hapo nitawaambia wote, nitamwambia mwenyewe baba mdogo, anipige."

"Nimdanganye mdogo wangu siku kumi na mbili?"

"Kwani unadanganya? Unanyamaza tu."

"Wewe ulinyamaza nikala nawe sahani moja," akasema Bi Hajira. "Haloo, Hashiru."

Zuwena alinisindikiza hadi njiani, kwa sababu mgeni husindikizwa. Nilitaka kumwomba radhi na kila sentensi niliyoiandaa ilikuwa na neno "utaratibu" ndani yake.

"Ulisema ni namba tu," akasema mwishowe. "Nilikuuliza, nani atasoma? Ukasema hasomi mtu, zinasomwa namba."

"Nilisema."

"Ningeweza kuandika nilikunywa uji. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini nyumbani nilikuwa nadanganya kutwa, na kula mchana bila udhuru wa kweli nilishindwa. Ninao udhuru, najua, mwenye mimba ameruhusiwa. Sasa udhuru usioweza kuutaja nao ni udhuru? Nikasema basi, nafunga. Na pale kwenye daftari niandike ninavyofanya, angalau pale." Akanipa bahasha. "Chukua picha zako sita."

"Zuwena, zikae. Labda..."

"Labda nini?"

Nilimrudishia bahasha, akaipokea, akageuka.

Didas aliniuliza kesho yake, kabla sijakaa.

"Ehe, mpishi wetu?"

"Hakupika. Aliandika alivyokula."

"Unaona? Kuhakiki kunasaidia. Weka tiki, tusonge."

Nikaweka tiki. Sikumwambia mengine, na ninajua kunyamaza huko kulikuja kumechelewa kwa siku moja.

Jumamosi nilikwenda Kwa Mathias. Hashiru ni mtu mpole, mwenye kibarakashia na mikono ya grisi. Nilijieleza, na kabla sijamaliza akaninyooshea mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Mama, Mungu akulipe. Umeniokoa."

Akaagiza soda. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, kati ya mikanda ya feni na matairi, nikishukuriwa. Nilimwambia kuhusu kusajiliwa na kuahirisha, kwamba mtoto wake hatapoteza nafasi, kwamba ni jambo linalofanyika.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe alikwenda kuuliza."

"Unaona akili zake anakozitumia." Alitikisa kichwa, na macho yalikuwa mekundu. "Si kwamba simpendi. Dada yake nilimpokea hivihivi, nikaambiwa atarudi shule. Ana watoto watatu sasa, anauza vitumbua. Fomu ya huyu nimekwisha kuichana, mama. Nilimwambia mbele ya watu. Kunywa soda yako."

Niliinywa. Sikujua namna ya kuiacha bila kumtukana.

Tarehe kumi na nne ilikuwa siku yangu ya kukusanya saa za upande wa Kisarawe. Ratiba iliandikwa mwezi mmoja kabla, si mimi niliyechagua. Nilianza na nyumba za mbali, nikazunguka sana, na kwa Bi Hajira nikafika saa kumi na moja jioni. Dirisha la usajili pale chuoni hufungwa saa tisa na nusu. Nilikuwa nimeuliza, bila sababu.

Bi Hajira aliitikia shikamoo yangu kutoka ndani, hakutoka. Zuwena alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa mbele ya lundo la mihogo, anamenya. Saa ilikuwa bado mkononi mwake. Siku zote hizo alikuwa ameiacha ihesabu.

"Karibu," akasema. "Sikusogelei, nina utomvu."

Nikafungua kifungo cha saa, nikaiweka kwenye mfuko wenye namba yake. Kisha, kwa kuwa sikujua namna ya kuondoka, nikachukua kisu kingine, nikaketi upande wa pili wa lundo. Hakunikaribisha wala hakunizuia. Tulimenya. Yeye alikuwa anachana ganda mara moja na kulivua lote kama soksi. Mimi nilikuwa nakwangua.

"Leo nimekula saa nne asubuhi," akasema. "Kiporo. Huandiki?"

"Utafiti umekwisha, Zuwena."

"Shangazi anakula saa saba. Mimi naambiwa nikapakue vilivyobaki. Saa zangu zimehama kweli sasa, mngenipata na data nzuri." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Na usingizi wangu? Ulikuwaje, kwenye mashine?"

Nikamwambia. Sikuona haki ya kumficha kilicho chake. Saa tatu na dakika arobaini kwa usiku, kwa wastani, na kushtuka mara nyingi.

"Na wenzangu?"

"Saa nne, saa nne na robo, ukijumlisha na usingizi wa baada ya daku. Waliokula mara tu baada ya magharibi walilala vizuri kuliko waliosubiri baada ya tarawehe. Na kesho yake walitembea zaidi."

"Kwa hiyo mnashauri nini?"

"Ripoti itashauri wasichana wale mapema na walale mapema."

Alicheka, kicheko cha kweli, cha siku ile ya kwanza, mpaka akaweka kisu chini. "Na daku apike nani? Nyie?"

"Hawakuuliza hilo."

"Hata wewe hukuuliza. Uliuliza nimekula saa ngapi tu." Hakusema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma mstari kwenye ukurasa, kisha akachukua muhogo mwingine.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mbu wakaanza kutoka. Beseni lilikuwa limejaa, lundo limefika nusu. Nilitaka tulimalize. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba nikimenya hadi muhogo wa mwisho nitakuwa nimefanya kitu fulani, na nikaongeza kasi, nikajikata kidogo kidoleni. Zuwena akaninyang'anya kisu, kwa upole, kama anavyonyang'anywa mtoto.

"Basi, dada. Utaharibu. Nenda kabla mvua haijakukuta."

"Hii iliyobaki?"

Alikuwa amekwisha kuchukua gunia lililolowa, analitandaza juu ya mihogo ili isikauke.

"Nitamenya kesho," akasema. "Kesho nina siku nzima."